Ikifumuka, Inarudishwa kwa Nani?

Mwezi wa Februari mwaka huu nilijaza fomu ya shindano la vijana wenye biashara zinazoinua maisha ya watoto. Niliijaza kwa jina langu, lakini biashara yenyewe ni ya shangazi yangu, fundi cherehani wa Lukaya, ambaye kwa miaka kumi sasa anashona taulo za kike za kufua na kuwauzia wasichana wa shule. Mimi namshikia hesabu tu. Fomu ilikuwa na maswali 14. Maswali 13 niliyajibu kwa jioni moja. La mwisho lilitaka niambatishe picha tano za wanufaika, nyuso zionekane vizuri. Hapo nikakwama majuma matatu.

Sikukwama kwa kukosa simu yenye kamera. Nilikwama kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa mnufaika kwenye picha, na kwa mwaka mzima wavulana wa shule yangu waliniita Agosti. Kisa hicho nitakieleza mbele. Kwanza nitaje swali ambalo fomu ile iliniachia: mtu anayetaka kuwasaidia wale wanaosaidia watoto, anadaiwa nini na watoto wenyewe? Tumezoea kuzungumza juu ya deni la mfadhili kwa mjasiriamali, yaani fedha, mafunzo na subira. Tumezoea pia deni la mjasiriamali kwa mfadhili, yaani taarifa, hesabu na risiti. Katika mapatano hayo ya pande mbili mtoto yuko wapi? Mara nyingi yuko kwenye picha.

Kwa msomaji asiyeijua Lukaya, ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Masaka, ukishavuka kinamasi cha Lwera. Basi likisimama, vijana hukimbilia madirishani na mishikaki, kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu zinazobanikwa juu ya makaa. Abiria wengi wanaijua Lukaya kwa dakika tano tu za kununua nyama. Duka la shangazi liko nyuma ya msururu huo wa majiko, lina baraza na cherehani mbili za miguu.

Kwetu Buganda shangazi si dada wa baba tu. Tunamwita ssenga, na ana kazi yake: yale ambayo mama anaona haya kumwambia binti yake, ssenga ndiye anayeyasema. Mwaka 2015, nilipokuwa na miaka 12, shangazi aliniita chumbani, akanieleza yatakayonipata, kisha akanipa taulo nne alizozishona mwenyewe. Ndani aliweka vipande vya taulo ya kuogea, chini yake kitambaa cha mwavuli ili damu isipenye, juu akafunika kwa pamba laini. Binamu zangu wakazitaka. Kisha wakaja watoto wa majirani, ambao hakuwa shangazi yao kwa damu. Hao akawauzia.

Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza, na sidhani kama shangazi amewahi kujiita mjasiriamali wa kijamii. Neno hilo nililikuta chuoni. Linamaanisha mtu anayeanzisha kazi ili atatue shida ya watu, akaiendesha kwa nidhamu ya biashara, faida ikawa chombo cha kuiweka hai kazi hiyo. Shangazi yeye husema anashona.

Nataka nikae kidogo kwenye baraza lake, maana ndipo nilipojifunza jambo ambalo vitabu vya somo hili havikunifundisha. Taulo moja leo ni shilingi 3,000. Msichana asiye nazo hulipa 500 kila Jumamosi, na shangazi huandika kwenye daftari. Mshono ukifumuka, anarudisha na kushonewa bure. Kwa hiyo kila Jumamosi pale barazani kuna malalamiko. Mabawa mafupi. Kifungo kimeshika kutu. Lalamiko kubwa kuliko yote lilikuja mwaka wa kwanza: wasichana walikataa rangi nyeupe. Shangazi alikuwa amechagua nyeupe kwa sababu ya usafi, kama vitambaa vya hospitali. Lakini taulo nyeupe haianikiki kambani mbele ya kaka zako. Doa hata likififia linabaki, na ua wa nyumba ni wa watu wote. Wasichana wakawa wanazificha chini ya godoro zingali mbichi, zinanuka, zinawawasha. Shangazi akahamia kwenye mabaki ya vitambaa vya sare, buluu iliyokoza na rangi ya damu ya mzee. Mtu akipita uani anadhani ni viraka. Jua likaziua harufu.

Sasa tazama kilichotokea. Kitu kile kilirekebishwa na watoto wa miaka 13, na waliweza kukirekebisha kwa sababu walikuwa wamekilipia, walijua aliyekishona anakaa wapi, na waliweza kukikataa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyelala kitandani hapa alikuwa na mahali pa kwenda kusema.

Mwaka 2017 habari ya taulo za kike ilikuwa kubwa Uganda nzima. Ilikuwepo ahadi ya kampeni kwamba wasichana wa shule watapewa taulo bure, kisha ikaelezwa kwamba fedha hazipo. Mwanazuoni Stella Nyanzi akaanzisha mchango wake mwenyewe wa kununua taulo, na kwa maneno yake makali akaishia kukamatwa Aprili mwaka ule. Katika joto hilo mashirika mengi yalikumbuka shule za vijijini. Moja lilikuja kwetu. Nilikuwa kidato cha pili. Tulipangwa mstari uwanjani, kila msichana akapewa mfuko wenye taulo nne za kufua. Lazima niwe mkweli: zilishonwa vizuri kuliko za shangazi. Zilikuwa nyeupe zenye maua ya waridi.

Mpiga picha alinichagua mimi na wengine wawili, akatuambia tushike mifuko usawa wa kifua na tutabasamu. Nilitabasamu kwa moyo wote, nani hapendi zawadi? Jioni wageni wakaondoka.

Kilichofuata kilikwenda polepole, ndiyo maana nilikielewa nimeshakuwa mkubwa. Wasichana waliacha kuja barazani. Waliokuwa na deni hawakulimaliza, kwa kuwa nani alipe 500 kwa kitu ambacho wenzake wamepewa bure? Mwisho wa mwaka shangazi aliuza cherehani moja. Taulo zenye maua ya waridi zilikwenda chini ya magodoro, kama zile nyeupe za mwanzo, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwambia. Mwaka 2018 mradi ukafungwa. Taulo ya kufua haidumu milele, zile zilipochakaa wasichana wakarudi kwa shangazi. Wakakuta cherehani moja na foleni.

Kalenda ilifika mwanzoni mwa 2019, zawadi ya shirika kwa shule. Ilitundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nyuma ya kiti chake, na kila aliyeitwa kwa utovu wa nidhamu aliisoma. Ukurasa wa Agosti ulikuwa mimi. Chini ya tabasamu langu waliandika kwamba zamani msichana huyu alikuwa akikosa masomo kila mwezi, na sasa hakosi tena. Sikuwa nimewahi kukosa hata siku moja kwa sababu hiyo. Nilikuwa na taulo za ssenga tangu darasa la saba. Lakini wavulana walinipa jina, na jina likashika. Ningeweza kuvumilia utani. Lililoniuma ni kwamba uso wangu ulikuwa umetumwa mahali nisipopajua, ukaombe fedha kwa uongo, na fedha hizo zikaja kumfunga mdomo mtu aliyenisaidia kweli.

Kuna hoja nzito dhidi ya manung'uniko ya aina hii. Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, akiwafikiria wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, alitoa mfano ambao tunafundishwa hadi leo. Unapita kando ya bwawa la kina kifupi, unaona mtoto anazama. Ukiingia utachafua nguo. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema nguo zake ni bora kuliko mtoto. Basi, anasema Singer, umbali haupunguzi wajibu: kama unaweza kuzuia balaa kubwa bila kupoteza kitu chenye uzito sawa, huna budi kuizuia. Kwa hoja hiyo, shirika lililokuja kwetu lilimwona mtoto bwawani likaingia, na mimi nalalamikia tope.

Nauheshimu mfano huo, na mtu asiyeguswa nao namwogopa. Ila mtoto wa bwawani anazama mara moja. Ukimtoa, anakauka, anakwenda kwao, kazi imekwisha. Hedhi inarudi mwezi ujao, na mwezi wa baada yake, kwa zaidi ya miaka thelathini. Njaa ya shuleni inarudi kila mchana. Shida nyingi za watoto na vijana wa nchi yangu ni za kurudi, na shida ya kurudi inahitaji mtu wa kukaa. Tena mtoto anayezama hana nafasi ya kusema kamba hii fupi, nitupie nyingine. Msichana wa miaka 14 anaweza kusema. Ukimtendea kama anayezama, umemwondolea sauti aliyokuwa nayo. Na sijapata kusikia kwamba yule mpita njia wa Singer alisimama kwanza ukingoni apige picha.

Kant, mwaka 1785, aliandika kwamba tumtendee binadamu daima kama lengo, kamwe tusimfanye njia tu ya kufikia jambo jingine. Watu hulielewa vibaya neno hilo *tu*. Kila mteja ni njia ya muuzaji kupata riziki, na hakuna ubaya. Shangazi anakula kwa 3,000 za wasichana. Ubaya huanza pale mtu anapobaki kuwa njia peke yake, asiwe na mahali pa kusema hapana. Kwa kipimo hicho biashara ya shangazi ilikuwa na utu kuliko zawadi, ingawa yeye alichukua fedha na wale hawakuchukua hata senti.

Hapa ndipo insha hii ingekwisha kama ningeiandika mwaka jana. Lakini Desemba iliyopita nilishuka Lukaya, nikamkuta barabarani aliyekuwa jirani yangu wa dawati kidato cha pili. Anauza gonja. Shule zilipofungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, yeye hakurudi, alikuwa amekwisha kuzaa. Nilimweleza mawazo yangu yote, hivi nilivyoyaeleza hapa, na nadhani nilijisikia msomi kidogo. Akanisikiliza huku akigeuza ndizi. Kisha akasema:

"Wewe ulikuwa na ssenga mwenye cherehani. Mimi nilikuwa na kipande cha godoro. Siku ile nilipewa nne, na mwaka ule sikukosa shule hata mara moja."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kwa shangazi, angeandikiwa deni kama wengine. Akasema aliona haya kuandikwa daftarini. Mama yake alikuwa ameandikwa kwenye madaftari ya mji mzima. Halafu akacheka, akaongeza kwamba siku ile alijipanga mbele kabisa ili apigwe picha, ila sare yake ilikuwa imechanika begani, mpiga picha akampita, akanichagua mimi.

Nilirudi kwa shangazi nikiwa kimya. Kumbe maneno ya chini ya picha yangu yalikuwa kweli tupu, ila hayakuwa yangu. Aliyeokolewa alikuwa mwenzangu, kushoto kwangu, na hakupendeza vya kutosha kuwa kwenye kalenda. Na lile daftari ambalo kwangu lilikuwa alama ya heshima, kwake lilikuwa mlango uliofungwa.

Kwa hiyo siwezi kusema kuuza ni utu na kutoa bure ni dharau. Kuuza nako kuna watoto wake wa nje. Wala malipo peke yake hayampi mtu sauti. Nchini kwetu ipo kesi inayojulikana, ya shule za Bridge, zilizoungwa mkono na watu wakubwa kama Bill Gates na Mark Zuckerberg kwa wazo zuri la kuwapa watoto wa maskini elimu kwa karo ndogo. Wazazi walilipa. Wizara ya Elimu ikasema shule hazijasajiliwa ipasavyo na majengo hayafikii viwango, kampuni ikapinga, na Novemba 2016 Mahakama Kuu ikathibitisha amri ya kufunga shule 63. Simwamui mtu kwenye kesi hiyo. Ninachokiona ni kwamba ugomvi ulikuwa kati ya wizara, kampuni na mahakama. Mzazi aliyelipa karo alikuwa mtazamaji, sawa na mzazi aliyepewa bure.

Basi kipimo changu si bei. Kipimo changu nimekipata kwenye mshono: taulo ikifumuka, inarudishwa kwa nani? Mjasiriamali anayestahili kuungwa mkono ni yule ambaye mtoto anaweza kumrudia na kitu kilichoharibika mkononi. Na msaada unaofaa ni ule unaomwezesha mtu huyo aendelee kuwepo mtoto anaporudi, na unaomwezesha hata mtoto asiye na kitu kufika mlangoni pake.

Mfano unaonisaidia hauko Uganda. Uko Mumbai. Jeroo Billimoria alikuwa akifanya kazi na watoto wa mitaani, akawapa namba yake ya simu. Wakaanza kumpigia usiku: huyu amevunjika mguu, yule amekamatwa na polisi. Kutokana na simu hizo, mwaka 1996 ilizaliwa Childline, huduma ya simu ya bure kwa watoto, namba yake 1098. Isome tarakimu kwa namna ya kuhesabu: kumi, tisa, nane. Mtoto asiyejua kusoma anaishika. Kilichonivutia si ukubwa ulioipata baadaye, bali mwanzo wake, kwamba watoto walikuwa na namba ya mtu na mtu aliipokea. Sisi nasi tunayo namba kama hiyo, 116, inayoitwa Sauti, jina ambalo kwa bahati nzuri ni la Kiswahili.

Billimoria alikuwa miongoni mwa watu walioungwa mkono na Ashoka, shirika lililoanzishwa mwaka 1980 na Mmarekani Bill Drayton kwa kazi moja hasa: kutafuta watu wenye wazo la kubadilisha jambo, na kuwapa posho ya kuishi kwa hadi miaka mitatu waache shughuli nyingine. Msaada huo haununui taulo wala simu. Unanunua muda wa mtu. Unamwambia: kodi ya nyumba isikuondoe kwa watoto hawa. Naona hekima kubwa hapo, ingawa najua ni wachache mno wanaopata nafasi hiyo. Fundi wa Lukaya asiyejua kuandika wazo lake kwa Kiingereza safi hatafutwi na mtu. Lazima awe na mpwa chuoni.

Na mpwa huyo alikuwa amekwama kwenye swali la 14. Wenzangu waliniambia dawa ni rahisi: omba ruhusa. Mtu akikubali, picha ni halali. Nikaona wana haki, na Jumamosi moja nikaenda barazani na simu. Alikuwepo msichana wa miaka kama 13, mchangamfu, amekuja kubadilisha vifungo. Nikamwambia nataka kumpiga picha ya kupeleka kwenye shindano, akikubali. Akanyoosha ukosi wa sare mara moja, akatabasamu. Nilikuwa nimeshainua simu nilipokumbuka kwamba jina lake liko daftarini, anadaiwa 1,500, na mimi ndiye ninayeshika daftari. Angewezaje kunikatalia? Tabasamu lile nililijua, niliwahi kulivaa mimi. Nikamwambia simu imeisha chaji.

Shangazi aliona. Hajui Kiswahili, isipokuwa kile cha askari, kama asemavyo mwenyewe, kwa hiyo nilihangaika kumfasiria kwa Kiganda neno *mnufaika*. Aliponielewa akauliza, "Hao si wateja wangu?" Nikasema ndio hao. "Basi kwa nini fomu haisemi wateja?" Sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiria tangu siku ile. Mteja anaweza kuja amekasirika. Mnufaika akija amekasirika tunamwita mtovu wa shukrani.

Kuhusu watoto wanaoona haya ya daftari, nilimweleza shangazi habari ya muuza gonja bila kutaja jina. Alikaa kimya sana. Nafikiri ilimuuma kujua kwamba karibu na duka lake kulikuwa na mtoto mwenye kipande cha godoro, naye ni ssenga. Tangu Januari amebuni utaratibu: kila mwezi anaweka pembeni mafungu matano ya taulo nne nne. Mwalimu mlezi wa wasichana huyachukua na kuyatoa kimya kimya, kwa anayemjua yeye. Hapaandikwi jina. Zikifumuka zinarudi kwa mwalimu, na mwalimu huzileta barazani pamoja na maneno: huyu anasema zinateleza, yule anataka ndefu. Hata asiyelipa analalamika. Mafungu matano ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na kwa sasa zinatoka mfukoni mwa shangazi, mfuko ambao haukushonwa kwa kazi hiyo.

Hizo 60,000 ndizo nilizoziombea. Shindano lilikuwa la shilingi milioni 5. Niliandika kwamba 720,000 zitalipia mafungu ya mwaka mzima, na zinazobaki zitanunua cherehani ya tatu na kitambaa cha jumla, ili mwenye duka la vitambaa asimpandishie shangazi bei kila anapokopa. Mahali pa picha niliambatisha tano: cherehani, kamba ya kuanikia yenye taulo za buluu juani, kurasa mbili za daftari nikiwa nimeyafunika majina kwa karatasi, na taulo moja iliyofumuka mshono, iliyorudishwa Jumamosi ile. Chini ya hiyo ya mwisho nikaandika tarehe iliyorudishwa na tarehe iliyoshonwa upya.

Jibu lilikuja kwa barua pepe mwezi wa Aprili. Walinishukuru kwa wazo zuri. Maombi hayakuendelea hatua ya pili kwa kuwa hayakukamilika: picha za wanufaika hazikuonekana.

Nilisoma barua ile mara mbili, nikajiuliza kama nilikuwa na haki ya kuwa mwangalifu hivyo kwa fedha ambazo si zangu. Wako wasichana watano kila mwezi upande mmoja wa mizani, na upande wa pili iko picha ambayo huenda yule mchangamfu wa miaka 13 asingeijali kamwe. Jirani yangu wa dawati angeniambia piga. Bado sina hakika kwamba hana haki.

Nilimpigia shangazi kumweleza tumekosa. Akaguna. Kisha akaniuliza kama nitapita mjini juma lile, kwa sababu vifungo vya Lukaya vinashika kutu na wasichana wamechoka kuvirudisha. Nilikwenda Kiyembe, kwenye vichochoro vya vitambaa, nikazunguka maduka manne nikivilowesha vifungo kwenye chupa ya maji mbele ya wauzaji waliokuwa wakinicheka. Nimenunua dazeni kumi za vile visivyobadilika rangi. Nitampelekea Jumamosi.